Mama Sikio na kipindi alichoshindwa kukimaliza

Saa moja na robo asubuhi ya Jumatatu, chini ya ngazi za jengo la mafundi cherehani, mwanamke wa miaka hamsini na minne ameinamia meza isiyozidi upana wa trei mbili za chai. Spika moja iko sikioni, nyingine inaning'inia kifuani. Juu ya kichwa chake watu wanapanda kwenda kazini, na kila hatua inamwagia vumbi kidogo. Hapangusi. Kuna mtu anaongea sikioni mwake, na mtu akiongea, yeye hamkatizi.

Mteja wa kwanza anasubiri. Ni mlinzi wa jengo la jirani, ametoka zamu ya saa kumi na mbili na macho yamemwiva, lakini hajaenda kulala. Amekuja kulalamika.

"Mama, kadi ya wiki iliyopita umenionea. Mimi mtu wa mpira, unanijua. Wewe umeniwekea mtu anaongea habari za nyuki saa nzima."

"Ulimsikiliza mpaka mwisho?"

Mlinzi anaangalia viatu vyake. "Mara mbili."

Mama Sikio, kama anavyoitwa na jengo zima, anachomoa spika, anaingiza kadi ya mlinzi kwenye laptop yake kuukuu na kufuta vipindi vya zamani. Hacheki. Wateja wake wanasema kumchekesha ni kazi ya kutwa, na malipo hakuna.

Biashara yake ni kuwachagulia watu vya kusikiliza. Podikasti, yale mazungumzo na simulizi ambazo watu hurekodi na kuweka mtandaoni, siku hizi zimekuwa nyingi kuliko masikio. Mafundi, walinzi, wapiga pasi na wafagiaji hawana muda wa kuzichambua, wala pesa za bando za kuchezea. Wengi wamekatazwa simu kazini, ila viredio vidogo vya kuchomeka memori kadi mabosi wao huvifumbia macho. Kwa bei ya chai na mkate, Mama Sikio anakujazia kadi yako kwa wiki nzima.

Kila kadi inabeba vipindi saba. Asubuhi hii, kadi ya mwanamke mmoja anayeshona sare za shule ghorofa ya pili ina hakimu mstaafu anayeeleza hukumu mbili anazozijutia, daktari wa figo anayeongea kama jirani yako, dada wawili wanaogombea kabati la marehemu mama yao, fundi wa lifti anayesimulia watu wanavyofanya wakikwama, mwanamke aliyeosha maiti miaka thelathini, na mchezo wa kuigiza wa dakika ishirini kuhusu barua iliyofika nyumba ya pili.

Hivyo ni sita. Cha saba ni cha bondia.

"Fundi hapendi ngumi hata kuzisikia," anasema Mama Sikio. "Ndiyo maana. Vile sita ni vyake. Cha saba ni kile asichokipenda, hicho nachagua mimi. Mtu akila anachokipenda tu, meno yake yanasahau kutafuna."

Pamoja na kadi hutoka kikaratasi kilichokatwa nyuma ya risiti za zamani, mstari mmoja kwa kila kipindi, kwa mwandiko wa kalamu ya bluu. Kuhusu dada wawili ameandika: "Utacheka, halafu utampigia ndugu yako." Kuhusu daktari wa figo: "Kunywa maji kabla hujaanza." Kuhusu bondia: "Vumilia dakika kumi. Kuna mama yake ndani."

Mwandishi wa makala haya naye alijaziwa kadi. Cha saba chake kilikuwa mzee mmoja anayelalamika kwa dakika hamsini kwamba waandishi wa habari hawasikilizi wanachoambiwa. Ujumbe ulifika.

Kanuni yake nyingine ni ngumu zaidi, na ndiyo iliyozaa habari hii. Haweki kwenye kadi ya mtu kipindi ambacho hajakisikiliza mwenyewe mpaka mwisho.

"Watu wanaongea vizuri dakika thelathini, ya thelathini na moja wanakuuzia dawa ya nguvu," anasema. "Mimi mteja wangu simpi chungu nisichokifunua."

Kwa hiyo husikiliza saa tisa kwa siku, na amefanya hivyo kwa miaka sita. Sikio la kushoto limeshaanza kuvuma. Daktari alimwambia alipumzishe, akalipumzisha, sasa kazi yote imehamia kulia. Zamani alihudumia watu thelathini kwa siku. Sasa hawazidi kumi na mmoja, maana vijana wana simu, na simu huwachagulia yenyewe.

"Simu inakupa unachokipenda, halafu inakupa tena, halafu tena," anasema. "Haijawahi kumpa mlinzi nyuki."

Ukimuuliza kuhusu jina lake, anajibu kwa mkato. "Sikio nimelifanyia kazi. Umama wamenipa bure."

Jumatatu hiyohiyo, fundi wa sare anashuka ngazi kuchukua kadi yake. Anasoma kikaratasi, anafika kwa bondia, anasonya. Kisha anauliza swali ambalo, inaonekana, si mara ya kwanza kuulizwa.

"Na kile cha redio je? Kila mtu anakiongelea. Yule kijana na mama yake."

"Bado sijakimaliza."

"Mama, miezi minne sasa. Kina urefu gani hicho kipindi?"

"Nimesema bado."

Fundi anapanda zake, mikono kiunoni. Mama Sikio anafuta meza ambayo haikuwa na uchafu. Mwandishi anapouliza kipindi hicho kina nini, anaambiwa aende akanywe chai.

Jibu lilikuja siku ya tatu, bila kuulizwa. Aliigeuza laptop ili mwandishi aone. Kipindi kina urefu wa dakika arobaini na moja. Mstari mwekundu wa kuonyesha alipofika umesimama dakika ya kumi na tisa.

"Huyo anayeongea ni mwanangu," alisema.

Ukitaka kuujua uchungu wake, anza na hili: kwa mwaka mzima kabla ya kipindi hicho alikuwa akimpendekeza kijana huyo kwa wateja wake bila kumjua. Kijana anatumia jina la utani hewani. Ana kipindi chake kila wiki, huwahoji watu wa kawaida, na hana haraka. Mama Sikio alimweka kwenye kadi ya mlinzi, ya fundi, ya wapiga pasi watatu. Kwenye kikaratasi aliandika: "Kijana ana sauti ya kukaa nayo."

"Mwaka mzima nasifia mtoto wa watu," anasema. "Masikio yote haya unayoyasikia yakisifiwa, na sauti ya mwanangu sikuitambua. Nilimwacha na sauti ya kitoto. Ile ya kiume ilipomjia sikuwepo."

Miaka ishirini na miwili iliyopita alikuwa akifua mashuka ya hospitali. Baba wa mtoto alikuwa ameshafariki. Kikohozi kilianza kama mafua, kikaishia kuwa kifua kikuu, na daktari akamwambia chumba kimoja na mtoto wa miaka tisa hakifai. Akampeleka mtoto kwa shangazi yake, dada wa marehemu, mji mwingine. Hakumwambia kwamba anaumwa. Shangazi aliomba hivyo, majirani wasije wakamnyanyapaa mtoto. Alimwachia begi la nguo na redio ndogo ya betri.

Hayo ndiyo mwanawe anayoyasimulia mwanzoni mwa kipindi, kasoro ugonjwa, maana hakuujua. Mama Sikio alikuwa akikisikiliza kikazi, kalamu mkononi, mpaka msimuliaji alipotaja rangi ya begi. Kalamu ikaanguka. Aliendelea kusikiliza akiwa ameshika meza.

Dakika ya kumi na nane, kijana anasema mama yake alipoondoka alimuuliza atarudi lini. Mama akamwambia: "Betri za redio zikiisha, nitakuwa nimeshakuja."

"Basi mimi nikaiwasha," sauti inasema. "Niliiwasha mchana kutwa, usiku naifunika na mto. Watoto wengine walikuwa wanabana betri zao. Mimi nilitaka zangu ziishe."

Hapo ndipo alipobonyeza kusimamisha, na miezi minne ikapita.

"Sikumbuki kusema hivyo," anasema, na kwa mara ya kwanza sauti yake inashuka. "Hilo ndilo linaloniua. Angesema nilimpiga, ningekataa au ningekubali. Lakini ni maneno yangu kabisa. Ndivyo ninavyoongea. Nimeyatupa tu mlangoni kama mtu anavyotupa maji, na mtoto akayaokota."

Mtu angedhani mama huyu atajitetea kwa ugonjwa wake. Mwandishi alimpa nafasi hiyo. Hakuichukua.

"Andika vizuri," alisema. "Miezi minane ilikuwa ugonjwa. Miaka iliyobaki ilikuwa mimi."

Alipopona alikuwa na mwanamume mwingine, mwenye chumba na nusu na mdomo mkali. Mwanamume akasema yeye ameoa mke, hakuoa ukoo. Mama Sikio alijiambia atamchukua mtoto hali ikitulia. Hali haikutulia. Alikwenda kumtazama mara mbili. Mara ya pili mtoto alikuwa na miaka kumi na miwili, akajifungia ndani, akakataa kutoka. Shangazi baadaye alihama na hakuacha anwani. Yule mwanamume naye, baada ya miaka mitano, akaenda zake.

"Alibeba hata pazia," anasema. "Nikabaki nimekosa mwana na maji ya moto."

Katika miaka yake sita chini ya ngazi, amewapa watu mamia ya simulizi za familia zilizovunjika. Anazijua nzuri na mbaya. Anajua yupi analia ili apendwe na yupi anasema kweli. Siku zote alizipanga bila kupepesa jicho, hii ya Jumatatu, hii ya Ijumaa.

"Mkuki kwa nguruwe," anasema, na sehemu iliyobaki ya methali anamwachia mwandishi aimalizie mwenyewe.

Swali la kwa nini hakukimaliza lina jibu moja, nalo si aibu tu. Dakika ishirini na mbili zilizobaki ndipo mahali pekee duniani ambapo mwanawe anaweza kuwa amesema kitu kingine juu yake. Labda kwamba anamtafuta. Labda kwamba amesamehe. Maadamu hajasikia, vyote bado vimo.

Alhamisi asubuhi, fundi wa sare anashuka ngazi mbili mbili. Amekisikia kipindi kwenye simu ya mpwa wake.

"Mama, hukunisubirisha bure. Mwisho wake sasa, yule kijana anasema mama yake..."

"Usinimalizie."

"Nakuonjesha tu."

"Nimesema usinimalizie." Sauti ni ya juu kiasi kwamba cherehani mbili ghorofa ya kwanza zinanyamaza. Fundi anarudi nyuma hatua moja. Katika jengo hili hakuna asiyejua kwamba kumalizia mtu kipindi ni utovu wa adabu, lakini hakuna aliyewahi kufokewa namna hii. Anaomba radhi na kupanda, na inaonekana ameumia moyoni.

Saa saba, mafundi wanapokwenda kula, Mama Sikio anageuza kiti kuelekea ukutani. Anampa mwandishi spika ya kushoto, ya sikio bovu. "Afadhali nisikie kwake mwenyewe kuliko kwa mdomo wa fundi," anasema, kisha anabonyeza.

Ni kipindi kizuri. Inabidi lisemwe. Kijana haombi huruma. Anasimulia betri zilivyokwisha siku ya kumi na moja, alivyovaa viatu na kukaa kizingitini na begi mapajani, shangazi alivyomletea chakula pale pale. Anasimulia alivyoanza kujisomea habari kwa sauti kwenye redio iliyokufa, kwa sababu kimya kilikuwa kinamtisha, na kwamba hiyo ndiyo shule yake ya utangazaji. Kuna mahali anacheka, na mama yake anacheka naye, mkono mdomoni, kama aliyeiba.

Dakika ya thelathini na nane, mwenzake studioni anamuuliza: "Na mama yuko wapi sasa?"

Inasikika karatasi ikigeuzwa.

"Alishafariki," kijana anasema. "Zamani."

Kisha sauti inachangamka. Anawashukuru wasikilizaji, anataja namba ya kutuma ujumbe. Anasema naye kuna siku huchoka kuongea, kwa hiyo wao wamtumie, wakati wowote, orodha ya vipindi wanavyovipenda, popote walipovipata. "Nami nina masikio," anasema. Muziki unapigwa.

Mama Sikio anasikiliza muziki mpaka unapokwisha, maana mwisho ni mwisho. Anachomoa spika na kuikunja taratibu.

"Nimefariki," anasema.

Mwandishi anajaribu kusema kwamba pengine kijana aliambiwa hivyo na shangazi, pengine anaamini kweli. Mama Sikio anatikisa kichwa.

"Mimi nasikiliza watu saa tisa kwa siku. Mtu aliyefiwa haongei hivyo. Aliyefiwa anataja mwaka. Huyu hakufiwa. Huyu amezika."

Anatoa machozi bila kujificha, kama mtu anayepaliwa na moshi, na mikono ikiendelea kupanga kadi. Anasema ana hasira. Hasira na mwanawe kwa kumzika akiwa hai, na hasira na nafsi yake kwa sababu hana pa kupeleka mashtaka. Anasema kaburi hilo alilichimba yeye kwa mkono wake, mtoto alichofanya ni kufukia tu.

"Na unajua kinachouma zaidi?" anauliza. "Kama si mimi ninayesemwa, hiki ningekiweka cha kwanza."

Ijumaa asubuhi, kipindi kimo kwenye kadi. Amekimaliza, kwa hiyo kanuni hairuhusu tena kukificha. Wateja saba wanaondoka nacho kabla ya saa nne. Mwandishi anauliza kama haoni ni kujichoma kwa mkono wake mwenyewe. Anajibu kwamba akianza kuwanyima watu kizuri kwa sababu kinamuuma yeye, basi atafute kazi ya kuuza vitunguu. Kwenye kikaratasi, mstari wa kipindi hicho unasomeka: "Anasema kweli. Sikiliza mpaka mwisho."

Fundi wa sare naye anashuka na kadi yake ya Jumatatu, aongezewe kipindi hicho. Bado ana kinyongo cha jana, lakini habari ni tamu kuliko kinyongo.

"Umemaliza sasa?"

"Nimemaliza."

"Si nilikwambia? Mimi nililia. Kinachoniuma yule mama kufa kabla hajamwomba mwanawe radhi. Au labda ndiyo kaponea, maana angeishi angeficha wapi uso wake."

"Angetafuta pa kuuficha," anasema Mama Sikio. "Wanawake tunajua kujificha."

"Hata hivyo marehemu hasemwi. Mungu amrehemu."

"Amina," anasema Mama Sikio, na kumrudishia chenji yake.

Fundi akishapanda, mwandishi anauliza kama atamtafuta mwanawe. Namba ipo, imetajwa hewani. Mama Sikio anasema hapana, si kwa namna hiyo. Hataki kufufuka kwa mtu asiyemwalika. Hata kukubali habari hii iandikwe alitoa sharti moja, kwamba asitajwe mtu wala mji. "Yeye si msomaji wa magazeti," alisema. "Yeye anaongea tu, kama mama yake anavyosikiliza tu."

Lakini kijana ameomba orodha, na kuwatengenezea watu orodha ndiyo kazi yake. Anafungua droo na kutoa kikaratasi kilichokatwa kwa mkasi, si kwa kuchanwa kama vya wengine. Atakituma kama msikilizaji yeyote, bila jina.

Mstari wa kwanza ni hakimu mstaafu na hukumu anazozijutia. Wa pili ni fundi wa lifti, kwa sababu anachekesha. Halafu mwosha maiti, halafu dada wawili na kabati lao. Cha tano ni nyuki. Cha sita ni cha daktari, si yule wa figo, ni mwingine, anaeleza kifua kikuu kilivyokuwa kikitibiwa miaka ishirini iliyopita, na kwa nini wagonjwa walitenganishwa na watoto wao. Pembeni yake hakuandika chochote.

Mstari wa saba uko wazi.

"Hicho ndicho kinanishinda," anasema. "Cha saba ni kile mtu asichokipenda, na kukichagua lazima umjue. Mlinzi namjua. Fundi namjua. Wewe ilinichukua siku mbili kukujua. Huyu nilimzaa, na najua kitu kimoja tu asichokipenda, nacho alishakizika."

Anakunja kikaratasi na kukirudisha kwenye droo. Mpango anao, anasema. Vipindi vya kijana mtandaoni vipo mia moja na kumi na viwili. Alivisikiliza vyote kama mfanyabiashara. Sasa atavirudia kuanzia cha kwanza, kimoja kimoja, mpaka mwisho wa kila kimoja. Mtu haongei saa zote hizo bila kuteleza akataja chakula anachokikimbia, au wimbo unaomkera, au harufu asiyoitaka.

"Itachukua miezi," anasema. "Sina pa kwenda."

Mlinzi anateremka njiani na kadi yake mkononi, amekuja kuuliza kama kuna kingine cha nyuki. Mama Sikio anamwonyesha kwa kidole asubiri. Ameshaingiza spika kwenye sikio la kulia, na kipindi cha kwanza kimeanza.